Pasheni Bila Moto

Mama alichukua rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari kwenye jagi la plastiki. Chini ya mstari ni maji ya Bibi. Juu ya mstari ni ya sisi wengine wote duniani, tunaokunywa tunavyotaka. Daktari alisema moyo wa Bibi umechoka kusukuma, kwa hiyo kila kitu cha majimaji kinachoingia mdomoni mwake kihesabiwe. Chai, uji, supu, maji ya kumezea dawa, hata barafu ya kumung'unya. Kila anachokunywa, tunamimina maji kiasi hicho hicho kwenye jagi. Yakifika kwenye mstari, basi, mpaka kesho.

Sasa kamwambie hivyo mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa juisi! Bibi alianza kuuza juisi Mama hajazaliwa. Alikuwa na kibanda chenye kaunta ya bati mbele ya posta, na watu walikuwa wanapanga foleni mpaka wanaziba njia. Juisi ya pasheni ndiyo iliyompa jina. Mpaka leo watu wazima wenye mvi wakikutana naye wanamwita Mama Pasheni, wanafumba macho kidogo, kama wanasikia harufu.

Kingine kilichompa jina ni usafi. Kwa Bibi ni sabuni kwanza, salamu baadaye. Ndoo, chujio, kisu, kibao, vidole vyako, vyote sabuni mara mbili. Wanasema hata Babu, Mungu amrehemu, siku alipokwenda kujieleza kwake aliambiwa akanawe kwanza. Bibi mwenyewe anasimulia: "Alinawa mpaka kwenye viwiko. Nikasema moyoni, huyu ana nia."

Kiu aliivumilia. Kilichotutisha ni chakula. Alikuwa anatafuna, anatafuna, halafu anakitoa kwenye leso taratibu, kama hataki tumuone. "Kila kitu karatasi," anasema. "Wali karatasi, yai karatasi. Nyie kuleni, mimi si mtu wa ofisini." Tulicheka mara ya kwanza. Mama ni mshonaji, cherehani yake iko pale sebuleni karibu na dirisha, na miezi ile nguo alizozibana sana hazikuwa za wateja. Zilikuwa za Bibi. Leo anabana ubavuni, baada ya siku chache anafumua, anabana tena. Daktari alimwambia Mama mlangoni, kwa sauti ndogo lakini mimi nilisikia: "Asipokula, dawa zangu hazina pa kushika."

Mama akafikiri, kama shida ni maji, si tuyatoe maji? Akakamua juisi ya pasheni, akaibandika jikoni, ikachemka mchana kutwa mpaka ikawa nzito. Nyumba nzima ilinukia. Hapo ndipo tulipokosea kufurahi, kwa sababu kile kilichokuwa kinanukia sebuleni ndicho kilichokuwa kinatoka kwenye sufuria. Iliyobaki ilikuwa ya kahawia, inanata. Mama akampelekea kijiko.

Bibi akagusisha ulimi. Akauliza, "Nani amefariki?"

"Hakuna, Mama."

"Yupo. Pasheni huyu hapa." Akageukia ukutani.

Mama alirudi jikoni akaosha sufuria kwa muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Akampigia simu mdogo wake. Mama Mdogo ni fundi wa maabara kwenye chuo cha ufundi. Kazi yake ni pampu, mipira ya maji na vyombo vya kusafishia maji. Anatembea na bisibisi kwenye pochi kama wengine wanavyotembea na rangi ya mdomo. Jumamosi akaja na kikapu mkono mmoja na boksi la barafu mkono wa pili. Akapitiliza mpaka jikoni, akaanza kupanga vitu kwenye meza ya Bibi, ile ya chuma aliyotoka nayo kibandani. Bibi alikuwa amelala.

Akatoa mapande mawili ya plastiki ngumu, yanaangaza kama kioo, ndani yamechongwa vijifereji. Akatoa vipampu viwili, vile vya kuzungusha maji kwenye tangi la samaki. Mipira myembamba. Kipimajoto. Mwisho akatoa bahasha, na kwenye bahasha karatasi moja nyeupe, laini, akaishika pembeni kwa vidole viwili.

"Haya ndiyo yatafanya nini?" Mama akauliza.

"Yatatoa maji kwenye juisi bila kuichemsha."

"Kwa dua?"

"Kwa mlango." Akanigeukia. "Kimya, njoo." Ananiita hivyo tangu utotoni, maana mimi hujibu kwa kichwa tu. "Chovya kidole kwenye maji, dondosha hapa."

Nikadondosha. Tone halikulowa popote. Lilikaa juu ya ile karatasi, duara kabisa, kama jicho la samaki. Mama Mdogo akaiinamisha, tone likabingirika likaanguka, na pale lilipokuwa pamekauka kama hapajawahi kuguswa.

"Hii inachukia maji," akasema. "Ni ukoo mmoja na ile tepu nyeupe mafundi bomba wanayozungushia kwenye koki. Lakini imejaa matundu. Mengi kuliko nywele za ukoo wetu wote, na madogo hata huwezi kuyaona. Maji yakija kama maji, hayapiti. Sasa, juisi ikiwa vuguvugu inatoa mvuke, kidogo tu, usioonekana. Mvuke unapita. Upande wa pili tunazungusha maji baridi. Mvuke ukifika kule unapigwa na baridi, unarudi kuwa maji."

Mama akakunja mikono akafikiri. "Yaani ni kama askari wa getini. Mwenye mizigo azuiliwe, mwenye mikono mitupu apite."

"Dada, wewe ungekuwa mwalimu! Na mizigo ya juisi ndiyo tunayoitaka. Utamu, uchachu, rangi. Maji yaende zake, mizigo ibaki kwetu."

"Na harufu?"

Mama Mdogo akakuna kichwa kwa bisibisi. "Harufu ni mtoro. Kwa joto la jikoni anatoroka mzima mzima. Kwa huu uvuguvugu atatoroka kidogo tu. Tutaacha juisi mbichi kidogo pembeni, mwisho tunaichanganya."

Daktari alishaulizwa. Alisema kijiko ruksa, ila nacho kihesabiwe.

"Kitu kimoja," Mama Mdogo akasema, akainua kidole. "Sabuni isiguse hii karatasi. Wala mafuta. Ikiguswa na sabuni inasahau kuchukia maji, milango yote inakuwa wazi, juisi inapita na mizigo yake. Na nilipewa hii moja tu. Hakuna nyingine mpaka chuo kiagize, na kuagiza kwenyewe ni hadithi."

Tukaiacha mezani na vitu vingine, tukaenda sokoni sote watatu, maana Mama Mdogo hajui kuchagua pasheni na Mama hawezi kubeba peke yake. Tulichagua yale yaliyokunjamana, yenye makunyanzi kama vidole vilivyokaa majini. Bibi alitufundisha kwamba pasheni linalong'aa linajivuna tu, bado halijajua kitu.

Tuliporudi, kitanda cha Bibi kilikuwa kitupu.

Mama aliangusha mfuko. Mapasheni yakabingirika mpaka chini ya cherehani. Wiki nyingi Bibi alikuwa hatoki kitandani bila mkono wa mtu. Tukakimbilia chooni, hayupo. Uani, hayupo. Kisha tukasikia maji jikoni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni, mikono ya gauni imepandishwa, povu mpaka kwenye viwiko. Kila kitu cha Mama Mdogo kilikuwa kimepangwa kwenye kichanja, kinang'aa. Mipira imetundikwa. Na kwenye kamba ya vitambaa vya vyombo, kwa vibanio viwili, ilining'inia ile karatasi nyeupe.

"Mama!" Mama akasema, na sikujua kama anafoka au anashukuru. "Umetembea mwenyewe?"

"Nilibebwa na malaika. Sasa nisitembee, vitu vimetoka huko maabara, vimeshikwa na wanafunzi wenye kucha ndefu, vinawekwa juu ya meza yangu? Wewe kitindamimba, nilikulea hivyo?"

Mama Mdogo alikuwa anaitazama kamba. Akaenda taratibu, akachovya kidole kwenye maji safi, akaigusa ile karatasi.

Tone halikusimama. Lilitambaa, likalowa, pakawa na doa kama kwenye karatasi ya chooni.

"Mama. Umetumia sabuni?"

"Swali gani hilo? Mara mbili."

Bibi akatutazama mmoja mmoja. Ana macho ya mfanyabiashara, usoni mwa mtu hapitwi na kitu. "Nimeharibu nini?"

Mama Mdogo akamwambia. Hakumficha, ila alisema kwa upole, akiwa amechuchumaa mbele yake. Karatasi ilikuwa inachukia maji, sabuni imeipatanisha nayo, na haiko nyingine.

Nilimuona Bibi akisinyaa. Sijui niseme vipi. Alikuwa mtu mzima kwenye kigoda, mwenye kelele zake, halafu nikawa naona gauni tu. Akateremsha mikono ya gauni juu ya povu. "Nirudisheni kitandani," akasema. "Mimi sasa ni wa kuwaharibia."

Mama akamshika kwapa. Nilijua, na nadhani sote tulijua, kwamba akirudi kitandani hivi hatatoka tena.

"Hapana," Mama Mdogo akasema. "Nani amekuruhusu kuondoka? Aliyeweka sabuni ndiye anaitoa."

"Inatoka?"

"Labda. Ikisuuzwa mpaka isibaki hata chembe, halafu ikauke kabisa, labda itakumbuka. Labda, Mama, sikuahidi. Lakini kwa kusuuza, hapa ndani hakuna anayekushinda."

Bibi akakaa. Akafikiri. Kisha akasema, "Dada yako aniletee maji yaliyochemshwa na kupozwa. Na mtu asikoroge. Hii haikorogwi, hii inabembelezwa."

Ilibembelezwa mchana ule wote. Mama akichemsha, mimi nikipoza, Mama Mdogo akimimina, Bibi akiipitisha majini kutoka upande hadi upande kama anamlaza mtoto. Beseni baada ya beseni. Kila beseni analinusa, anasugua maji kati ya vidole. "Bado inateleza. Mwaga." Mama Mdogo anasema sasa inatosha, Bibi anasema, "Wewe una cheti, mimi nina vidole, lete jingine." Mama Mdogo anacheka, analeta. Kisha wakaitundika, feni ikaelekezwa pale, Bibi akalala na mlango wake wazi ili aisikie feni.

Asubuhi tuliamshwa na sauti yake. "Njooni! Mke mwenzangu, waite wenzako!" Mke mwenza ni mimi. Anasema nilizaliwa nimechelewa tu, vinginevyo tungemgombania Babu.

Alikuwa jikoni, ameshikilia meza. Karatasi iko juu ya sahani. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye kidole chake. "Sijadondosha. Niliogopa kuona peke yangu."

Akadondosha.

Tone likasimama. Duara, zima, na mwanga wa dirisha ndani yake. Ukiinama unaliona dirisha lenyewe, dogo, limepinduka juu chini. Bibi akalipuliza kidogo, likakimbia, likaacha pakavu.

"Imekumbuka," akasema Bibi, polepole, kama mtu aliye msikitini au kanisani.

Tukakamua. Mama akachuja juisi kwa kitambaa cha bitana, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka hakuna hata unyuzi. Kikombe kimoja akakiweka pembeni kwenye barafu. Iliyobaki ikaingia kwenye sufuria, na sufuria ikawekwa ndani ya beseni la maji ya moto kiasi, tukawa tunaongeza kidogo kidogo ili juisi ikae vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Upande wa pili chupa ya maji yetu ya kunywa, imezungukwa na barafu, imejaa mpaka juu, na shingoni ina kimpira kinachoelekea kwenye glasi tupu. Katikati yale mapande ya plastiki, yamebana karatasi yetu kwa skrubu. Mama Mdogo akawasha pampu. Zikaanza kuguruma kidogo, kama paka akikunwa.

Nikavuta kigoda, nikaweka kidevu mezani.

Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kueleza. Juisi ya njano ikapita kwenye vijifereji upande huu, maji meupe yakapita upande ule, na kati yao kitu chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Havikugusana. Nilitazama mpaka macho yakaniuma, nione kinachovuka. Sikuona kitu. Mama alikuja akatazama, akaenda kushona, akarudi. "Imeanza?" "Imeanza." "Mbona haifanyi kitu?" "Inafanya."

Halafu kimpira cha shingoni kikapata tone mdomoni. Likanenepa. Likaanguka kwenye glasi tupu.

Hakuna aliyemimina. Ile chupa hakuna aliyeigusa, barafu iko nje yake, na imejaa kuliko ilivyokuwa. Likaja tone jingine. Nikanyanyua kichwa nikamtazama Bibi, na Bibi alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja.

"Lile limetoka kwenye pasheni?" akauliza.

"Limetoka kwenye pasheni," Mama Mdogo akasema.

"Bila moto."

"Bila moto."

"Miaka yote ile," Bibi akasema, "nilikuwa nayaona maji yakiingia kwenye tunda. Mvua inanyesha, tunda linajaa. Sikuwahi kuyaona yakitoka kwa miguu yake."

Mwalimu wetu alitufundisha mvua ubaoni kwa mishale. Mshale wa kupanda, mshale wa kushuka, nakili. Nilinakili, nikapata vema, sikuamini. Sasa mvua ilikuwa hapa, imebanwa na skrubu, haina wingu wala radi, inanyesha kwenda pembeni. Matone yakawa yanafuatana. Sufuria ikawa inashuka taratibu, na ule umanjano ukawa unaiva, kwanza kama ua, halafu kama kiini cha yai, halafu rangi ambayo sina jina lake. Jikoni hakukunukia hata kidogo. Harufu yote ilikuwa imebaki ndani.

Ilipofika saa ya jua kuingia kwa dirisha la uani, Mama Mdogo akazima. Kilichobaki kwenye sufuria kilikuwa kinatembea kwa uvivu, kama asali changa. Akachanganya na ile mbichi iliyokuwa kwenye barafu. Hapo tu ndipo harufu ilipotoka, ikatujia usoni. Mama akasema "Ee!" akakaa chini.

Kijiko kimoja. Mama alikishika kwa mikono miwili.

Bibi akakipokea, akafunga mdomo, akafunga macho. Hakumeza. Mashavu yake yakafanya kazi kidogo. Tukasikia feni, tukasikia jirani akifagia. Nikahesabu moyoni nikapotea. Mama alikuwa ameshika upindo wa gauni lake kama mtoto.

Bibi akameza.

"Haya mapasheni nani aliyachagua?"

"Mimi," Mama akasema.

"Kuna moja au mawili yalikuwa hayajaiva."

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alicheka akilia. Bibi akawashangaa wote wawili. "Nini? Si nimeuliza tu? Mnataka nisifie uchachu wa mtu mwingine?" Kisha akajilamba mdomo, akageuka, akatazama jikoni kote kana kwamba amepotezana na kitu. "Kuna nini cha kula humu ndani?"

Kulikuwa na viazi vya kuchemsha. Viazi tu, vya mchana, vimepoa. Mama akasema anapasha, Bibi akasema sahani ije kama ilivyo. Akaweka kijiko cha pasheni kando ya kiazi, Mama Mdogo akakihesabu kwenye jagi. Bibi akachovya. Akatafuna. Leso ilikuwa mapajani, hakuigusa.

Mama Mdogo akanisogezea ile glasi iliyokuwa chini ya kimpira. Imejaa, maji meupe kabisa. "Mwanzo ilikuwa maji yetu," akasema, "lakini sasa yamechanganyika na ya mapasheni. Kunywa."

"Subiri," Bibi akasema, mdomo umejaa. "Hayo mimi siruhusiwi. Kunywa kwa niaba yangu, mke mwenzangu, halafu uniambie. Na usinijibu kwa kichwa."

Nikanywa. Yalikuwa baridi. Yalikuwa maji, hayana utamu, hayana uchachu. Lakini mwishoni, nilipovuta pumzi, kulikuwa na mtu mle ndani. Yule mtoro. Ametoroka kidogo na amejificha kwenye maji.

Wote wakawa wananitazama. Nikaiweka glasi mezani. Nikasema, "Ni kama... ni kama mtu amekata pasheni chumba cha pili, mlango umefungwa."

Bibi akakata kiazi, akala. "Endelea."

Nikasema ukimeza harufu inapotea, ukipumua inarudi. Akachovya, akala. Nikanyamaza kutafuta neno, na kijiko chake kikasimama hewani, kinanisubiri. Nikasema tena. Kikashuka, kikapanda. Mama alikuwa ameegemea mlango, hataki hata kukohoa. Basi nikasema yote. Nikasema habari ya mvua ya kwenda pembeni, na dirisha ndani ya tone, na mishale ya ubaoni, vitu ambavyo sijawahi kumwambia mtu yeyote kwa sauti. Kila nikinyamaza, kijiko kinasimama. Kwa hiyo sikunyamaza.

Bibi aliacha kipande kimoja kidogo cha kiazi pembeni mwa sahani. Akasema hicho ni cha adabu.